Mvua Ambayo Haikuwemo Kwenye Filamu

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 38. Nilipokuwa na miaka tisa tulikuwa na mkanda mmoja wa filamu ya ngumi, mimi na kaka yangu tukautazama mpaka ukachakaa. Mwezi uliopita niliipata filamu ile kwenye intaneti nikamwita mwanangu wa miaka kumi tuitazame pamoja. Dakika ya ishirini akawa ameshainamia simu. Mimi mwenyewe niliiona inajikokota, sauti za waigizaji si zile ninazozijua, na pambano la mwisho, ambalo mimi na kaka tulikuwa tukiliita "pambano la mvua", halina hata tone moja la mvua. Halafu kuna mzaha juu ya mtumishi mwenye kigugumizi ulionitia aibu mbele ya mtoto. Lakini mama wa steringi aliposimama mlangoni mwanawe akiondoka, kisha akaufunga ule mlango, nililia, na utotoni sikumbuki hata kama mama huyo alikuwepo. Je, nimeiharibu kumbukumbu yangu? Nina nyingine tatu nilizotaka kuzitafuta: katuni za Tom na Jerry, filamu ya kutisha iliyoninyima usingizi, na kichekesho alichokipenda kaka, ambaye alifariki miaka mitatu iliyopita. Niendelee au niziache? Mume wangu anasema huu ni utoto. Mkanda wenyewe bado uko kabatini kwa mama, ila deki ilishakufa.

JIBU: Marahaba, dada. Pole kwa msiba wa kaka. Nitamfikia, lakini naomba nianze na mvua, maana hilo tone lako moja ndilo lililonifanya niandike jibu refu kuliko nilivyopanga.

Kabla sijawa mwalimu wa saikolojia ya kumbukumbu nilifanya kazi miaka sita kwenye chumba cha kuhamisha mikanda ya video ili iingie kwenye kompyuta. Watu walileta harusi, mahafali, na filamu walizonunua au kurekodi kwenye televisheni. Mkanda wa VHS ni utepe wa plastiki wenye upana wa milimita 12.7, uliopakwa unga wa sumaku. Ndani ya deki kuna ngoma ndogo yenye vichwa vya kusomea, nayo huzunguka mara 1,500 kwa dakika, au 1,800, kutegemea mfumo wa televisheni wa nchi. Kila utepe unapopita, ngoma ile inausugua, na kila msuguano unaondoka na chembe kidogo za ule unga. Pale unga ulipobanduka kichwa hakipati cha kusoma, na kwenye kioo hapo panatokea kistari cheupe kinachomulika mara moja na kupotea. Vikizidi, picha nzima inajaa chenga.

Sasa, chenga hazijagawanyika sawasawa kwenye mkanda. Mwanzo mara nyingi ni safi kiasi, katikati ni safi, halafu unafika mahali ambapo picha inaharibika ghafla kwa dakika tatu nne, kisha inatulia tena. Pale ndipo watoto wa nyumba ile walipokuwa wakirudisha nyuma na kutazama, wakirudisha nyuma na kutazama. Wakisimamisha picha ili waione vizuri teke lililopigwa, ndiyo mbaya zaidi, maana ngoma inaendelea kuzunguka ikisugua sehemu ileile moja. Nilifika mahali nikawa naweza kuuweka mkanda wa familia nisiyoijua na kukuambia watoto wao walipenda nini, kwa kuangalia tu palipochakaa.

Nyinyi mlipenda pambano la mwisho. Nadhani mvua yenu ilikuwa chenga.

Hii ni kubahatisha, lakini kubahatisha kwa mtu aliyetazama mikanda mingi. Mistari meupe inayoshuka juu ya watu wawili wanaopigana, kwenye televisheni ndogo, mbele ya mtoto wa miaka tisa: akili ya mtoto haisemi "unga wa sumaku umebanduka". Inasema mvua inanyesha, na pambano linazidi kuwa tamu. Hata watu wa sinema wenyewe walilitumia neno hilo kwa michubuko ya filamu kuukuu, na Wajapani mpaka leo husema filamu iliyochakaa "inanyesha mvua". Kadiri mlivyoipenda sehemu ile ndivyo mlivyoirudia, na kadiri mlivyoirudia ndivyo mvua ilivyozidi kunyesha. Kwa maneno mengine, hukuzua. Uliona kitu kilichokuwepo kweli kwenye kioo chenu, ila hakikuwepo kwenye kioo cha mtu mwingine yeyote duniani.

Halafu mkakipa jina. Jina lina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer, wanasaikolojia wa Marekani, waliwaonyesha watu filamu fupi ya ajali ya gari. Wengine waliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani "yalipogongana", wengine yalikuwa na mwendo gani "yalipopondana". Wiki moja baadaye wote wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Vioo havikuwepo. Katika watu 50 waliosikia neno la upole, 7 walisema waliviona. Katika 50 waliosikia neno kali, 16. Neno moja tu, lililosikika mara moja. Wewe na kaka mlilisema "pambano la mvua" kwa miaka. Hata kama chenga zilianza kidogo tu, jina lilizimalizia kazi.

Usijione peke yako. Mimi ninaapa kwamba shujaa wa kipindi nilichokipenda nikiwa na miaka minane alivaa joho jekundu. Nikija kukipata ukubwani, joho ni la bluu. Na televisheni yetu ya wakati ule ilikuwa ya picha nyeusi na nyeupe, kwa hiyo rangi yoyote niliyokuwa nayo kichwani niliipaka mwenyewe. Nimekutana pia na watu kadhaa wanaoniambia kwa uhakika jinsi walivyomwona mama wa Bambi, yule mtoto wa kulungu wa kwenye katuni, akianguka. Katika filamu ile ya mwaka 1942 haonekani akianguka. Mlio wa bunduki unasikika, mtoto anaendelea kukimbia, basi. Kuanguka kwake tulikuchora wenyewe, kila mtu kwa namna yake, na ndiyo sababu hakusahauliki.

Sasa swali lako lenyewe: umeiharibu? Mpaka karibu mwisho wa karne iliyopita wataalamu wengi walifikiri kumbukumbu ikishakauka imekauka, kama saruji. Mwaka 2000 mtafiti wa ubongo Karim Nader na wenzake walichapisha majaribio ya panya waliofundishwa kuogopa mlio fulani. Panya walipokumbushwa mlio ule, kisha wakadungwa kwenye ubongo dawa inayozuia seli kutengeneza protini, hofu ile ya zamani ilidhoofika. Waliodungwa bila kukumbushwa hofu yao ilibaki vilevile. Yaani kumbukumbu ilikuwa imelainika kwa kule kuitwa tu, na ilihitaji kufungwa upya. Binadamu si panya, na ubishi kuhusu sisi bado unaendelea, lakini jambo moja halina ubishi mkubwa: kukumbuka ni kujenga upya, na kila ujenzi unaacha alama zake. Kwa hiyo kumbukumbu uliyoipeleka mbele ya kioo mwezi uliopita haikuwa ile ya miaka tisa. Ilikuwa imeshapita mikononi mwako mara mia: ulipoisimulia shuleni, ulipocheka na kaka, ulipomsimulia mwanao kabla hamjaitazama. Kutazama tena kumeongeza toleo moja. Na toleo la mvua hujalipoteza, si umeniandikia?

Hasara ipo, sitakuficha. Kuanzia sasa ukilifikiria pambano lile, picha safi itakuja pamoja na ile yenye mvua, na kwa muda picha safi itakuwa na sauti kubwa kwa sababu ni mpya. Watu wengi huniambia hali hiyo hupungua baada ya miezi. Ukitaka kuisaidia, andika toleo lako la zamani kwenye karatasi leo, wiki hii, kabla hujasahau lipi ni lipi. Andika kama unavyomsimulia mtu: nani alikaa wapi, nani alishika rimoti, mlisemaje mvua ilipoanza.

Kuhusu kujikokota, una haki zaidi ya unavyojua. Filamu za sinema hupigwa fremu 24 kwa sekunde. Nchi zilizotumia mfumo wa televisheni wa PAL zilikuwa na fremu 25 kwa sekunde, na njia rahisi ya kuzioanisha ilikuwa kuiendesha filamu haraka kidogo, kwa takriban asilimia 4. Filamu ya dakika 100 ikawa inaisha kwa dakika 96, na sauti za watu zikapanda juu kidogo isipokuwa kama mtu amezirekebisha. Kama mkanda wenu ulikuwa wa mfumo huo, na ulichokipata kwenye intaneti kimerudishwa kwenye mwendo wake wa asili, basi filamu ile kweli ilikuwa na kasi zaidi utotoni mwako, na steringi kweli alikuwa na sauti nyembamba zaidi. Ongeza na hili: filamu nyingi za ngumi kutoka Hong Kong, mpaka miaka ya 1990, zilipigwa bila kurekodi sauti palepale. Sauti ziliingizwa baadaye studio, mara nyingi na watu wengine kabisa, na kwa lugha moja kungeweza kuwa na zaidi ya toleo moja. Huenda sauti uliyoipenda ni ya mtu ambaye hukupata kuiona sura yake.

Sehemu iliyobaki ya kujikokota ni macho yako. Mtafiti wa filamu David Bordwell alipima urefu wa shoti, yaani kipande cha picha kisichokatwa, katika filamu za Hollywood: kati ya 1930 na 1960 shoti moja kwa wastani ilidumu sekunde 8 hadi 11, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 nyingi zilikuwa kati ya sekunde 3 na 6. Umeishi miaka mingi ndani ya mwendo huo mpya bila kuambiwa. Mwanao amezaliwa humo.

Na mwanao usimlaumu. Umempa mtihani usio wa haki. Wewe hukuipenda filamu ile kwa kuitazama mara moja; uliipenda kwa kuwa ilikuwepo, na nyingine hazikuwepo, na kaka alikuwepo. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba kukutana na kitu mara nyingi, peke yake, kunatosha kutufanya tukipende zaidi. Kwa watoto kurudia kuna kazi nyingine pia. Kipindi cha Marekani cha Blue's Clues, kilichoanza mwaka 1996, kilikuwa kikirusha sehemu ileile siku tano mfululizo. Watafiti waliowafuatilia watoto wa miaka mitatu hadi mitano waliona kwamba kadiri siku zilivyopita walielewa zaidi na kushiriki zaidi, wakipaza sauti kuwajibu watu wa kwenye kioo. Mtu mzima angeshazima. Mtoto ndiyo kwanza anaanza kuimiliki hadithi. Mwanao ana vitu vyake anavyovirudia hivyohivyo, na ungejifunza mengi ukikaa naye mara moja kutazama kimojawapo mpaka mwisho bila kukitolea maoni. Naona akina mama na akina baba wengi wanataka mtoto aje utotoni kwao, na ni wachache wanaoomba kukaribishwa kwake.

Ila mzaha wa kigugumizi, hapo zungumza naye. Si lazima iwe hotuba. "Nilipokuwa na umri wako nilicheka hapa. Leo nimeona vibaya. Wewe unaonaje?" Inatosha. Wapo wanaopendelea sehemu kama hizo zikatwe, na ninaelewa kwa nini, lakini mimi sipendi mkasi. Steven Spielberg mwenyewe, kwenye toleo la mwaka 2002 la filamu yake ya E.T., aliziondoa bunduki mikononi mwa maofisa na kuwapa redio za mkononi. Baadaye alisema alijutia, na toleo la mwaka 2012 likarudishiwa bunduki zake. Mtoto wa miaka kumi anaweza kabisa kubeba habari kwamba kitu ulichokipenda kilikuwa na uovu ndani yake. Asichoweza kukibeba ni mama anayecheka kwanza kisha anajifanya hakucheka.

Hilo linatupeleka kwa Tom na Jerry, ambao nitawapita haraka. William Hanna na Joseph Barbera walitengeneza filamu fupi 114 za wawili hao kati ya 1940 na 1958, na ukizitazama leo utagundua jambo ambalo utotoni lilikupita: muziki. Scott Bradley alitunga noti kwa kila hatua ya paka, na ukifumba macho bado unaweza kujua nani anamfukuza nani. Hiyo ni raha ya ukubwani ambayo mtoto haipati. Pia utaona mtumishi mweusi wa nyumba ile, aliyechorwa kwa dharau, asiyeonyeshwa uso kwa kawaida, na vichekesho vya mlipuko unaomgeuza mtu uso kuwa mweusi. Miaka ya 1960 baadhi ya sehemu hizo zilichorwa upya kwa ajili ya televisheni, mtumishi akageuzwa mwanamke mweupe mwembamba, kwa hiyo inawezekana toleo uliloliona wewe na toleo nililoliona mimi si moja. Tazama peke yako kwanza, chagua, kisha mwite mtoto.

Sasa mama wa mlangoni. Nimeliwaza jambo hili siku mbili, kwa sababu kuna maelezo mawili na yote mawili yananivutia.

La kwanza ni lile ambalo ungelitegemea kutoka kwa mtu wa kazi yangu. Mtoto hufuata mwendo na humfuata steringi. Steringi alikuwa anaondoka, na wewe uliondoka naye. Ulishafika barabarani kabla mlango haujafungwa. Juzi ulibaki ndani. Una mtoto wa miaka kumi, unajua kabisa kwamba siku yake ya kuondoka ipo, na mama yule aliufunga mlango akabaki ndani. Filamu nyingi za watoto zimetengenezwa na watu wenye watoto, nao huweka ndani yake vijichumba ambavyo funguo zake unapewa ukiwa na miaka thelathini na kitu. Ndiyo maana mtu anaitazama tena filamu aliyoijua kwa moyo na kulia mahali pasipotarajiwa. Utafiti wa Cristel Russell na Sidney Levy wa mwaka 2012, waliozungumza na watu wanaorudia vitabu, filamu na safari kwa makusudi, ulikuta jambo linalofanana na hilo: wengi hawakurudi ili kujificha katika yaliyopita, walirudi na kujipima, wakaona umbali waliotembea.

La pili ni la fundi mikanda. Filamu nyingi za ngumi zilipigwa kwa picha pana, upana ukiwa mara 2.35 ya kimo. Televisheni ya zamani ilikuwa karibu mraba, nne kwa tatu. Ili picha ijae kioo, mtu alikaa studio akachagua sehemu ya kuonyesha na kuitupa iliyobaki, na hesabu yake ni kwamba zaidi ya asilimia 40 ya picha ilitupwa. Fundi yule, akiwa na kazi nyingi na muda mchache, angemfuata nani: steringi anayeondoka kulia, au mama aliyesimama kushoto? Inawezekana kabisa hukumsahau. Inawezekana hukuwahi kuonyeshwa.

Nakiri napenda maelezo yote mawili yawe kweli.

Mume wako anasema ni utoto. Mweleze kwamba ana wenzake wa zamani. Mwaka 1688 Johannes Hofer, mwanafunzi wa udaktari huko Basel, aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, kurudi nyumbani na maumivu, akapata jina "nostalgia", la ugonjwa aliouona kwa Waswisi walioishi mbali na kwao. Mwaka 1768 mwanafalsafa Rousseau akaandika kwamba wimbo wa wachunga ng'ombe wa Uswisi ulipigwa marufuku miongoni mwa askari wao, eti wakiusikia walilia, walitoroka au walikufa. Kwa hiyo hofu kwamba wimbo wa utotoni utamlegeza mtu mzima ina zaidi ya karne mbili. Wanasaikolojia wa siku hizi wameifuta nostalgia kwenye orodha ya magonjwa. Tim Wildschut, Constantine Sedikides na wenzao mwaka 2006 walichunguza masimulizi ya watu yenye hamu ya yaliyopita, wakakuta kwamba msimuliaji kwa kawaida hayuko peke yake ndani yake, amezungukwa na watu anaowapenda, na kwamba hamu hiyo huja zaidi mtu akiwa na huzuni au upweke, na humwacha akijiona amependwa zaidi. Kama ingekuwa inakuzuia kwenda kazini au kulala ningesema vingine. Filamu nne katika mwaka mzima, dada, mwambie apumzike.

Filamu ya kutisha. Watafiti Kristen Harrison na Joanne Cantor waliwauliza wanafunzi 153 wa chuo kikuu kuhusu woga uliotokana na vyombo vya habari utotoni au ujanani. Asilimia 90 walikuwa na kisa cha kusimulia, na karibu robo bado walikuwa na mabaki ya woga ule. Cantor pia, akiwa na Glenn Sparks, aligundua kwa kutumia mfululizo wa televisheni wa The Incredible Hulk kwamba watoto wadogo kabisa hawakuogopeshwa na kile ambacho wazazi wangekitarajia. Kilichowatisha ni mtu mzuri kugeuka umbo mbele ya macho yao, hata kama alikuwa anageuka ili asaidie. Watoto wakubwa waliogopa kinachoweza kutokea kweli. Kwa hiyo kabla hujaitazama, jiulize ulikuwa na miaka mingapi na ulichoogopa kilikuwa nini hasa, maana mara nyingi si jitu lenyewe. Ni dirisha, ni mkono, ni ukimya kabla ya jitu. Itazame mchana, na mwanao asiwepo. Ninaona wengi wakiimaliza wakicheka, na wachache wakilala na taa usiku ule. Makundi yote mawili hayana la kuona haya.

Kichekesho cha kaka. Hiki nisingekiharakisha.

Wanasaikolojia Endel Tulving na Donald Thomson walieleza mwaka 1973 kwamba kumbukumbu hufunguliwa vizuri zaidi na kitu kilichokuwepo wakati inawekwa. Kichekesho kile ni ufunguo wa namna hiyo, na pengine ni mojawapo ya mizuri uliyobaki nayo. Lakini unachokitafuta humo hakimo kwenye filamu. Kimo kwenye yale kaka aliyokuwa akiyasema juu ya filamu: pengine alivyowahi kusema maneno ya mwigizaji nusu sekunde kabla yake, alivyokuziba mdomo ili usikicheke kabla ya wakati. Ukiibonyeza filamu bila maandalizi, sauti ya mwigizaji itaifunika ya kaka, kwa sababu moja iko chumbani na nyingine iko mbali.

Kwa hiyo kwanza kaa na karatasi. Andika kila alilosema, hata nusu yake, hata pale huna uhakika kama ni filamu hii au nyingine. Kisha, siku nyingine, mwombe mama asimulie anavyokumbuka, na usimsomee ya kwako kabla hajamaliza. Mkisimuliana mapema hadithi zitachanganyika na hamtajua tena ya nani ni ipi. Palipo na tofauti, ziache zote mbili. Baada ya hapo tazama, na usitazame peke yako. Tazama na mtu aliyemjua, na muiruhusu midomo yenu iseme juu ya filamu kama yeye alivyofanya. Huenda ukaona kichekesho chenyewe hakichekeshi. Usishtuke. Nimewaona watu wakiogopa jambo hilo kama vile linamvunjia heshima marehemu, kumbe aliyekuwa akiwachekesha siku zote alikuwa amekaa pembeni yao.

Na kama ukifika mlangoni ukaona bado, rudi. Filamu haitaharibika kwa kusubiri.

Mkanda ndio unaoweza kuharibika. Umwombe mama autoe kabatini, autazame kwenye kidirisha: kama kingo za utepe zina unga mweupe kama wa ukungu, msiutie kwenye deki yoyote, utauharibu mkanda na deki pia. Kama ni msafi, uhifadhini ukiwa umesimama kama kitabu, mbali na joto, unyevunyevu na spika kubwa, kisha mtafute mtu anayehamisha mikanda. Aupeleke wote mbele na kuurudisha wote nyuma mara moja kabla ya kuucheza, ili utepe ulioganda uachane. Mwambie anakili filamu nzima, hata kama atakuambia kwamba ipo kwenye intaneti ikiwa nzuri zaidi, na karibu wote watakuambia hivyo. Mwangalie mama wa mlangoni kama yumo. Na fundi akifika kwenye pambano la mwisho atataka kukufanyia hisani, ana programu ya kusafisha picha na ataiwasha bila kukuuliza. Mwandikie kwa kalamu nzito juu ya kasha: chenga zisiguswe.